Kiti Kimoja cha Kwenda Bomet

Saa nne asubuhi, ndege ndogo nyeupe inachomoza mawinguni juu ya Kiptere bila taarifa yoyote. Chepkosgei anatupa panga la kukatia nyasi, anashika fimbo na kukimbia uwanjani akipiga mluzi. Ng'ombe wawili wanamwangalia, kisha wanaondoka polepole kana kwamba uwanja ni wa baba yao.

Ndege inatua ikirusha matope. Rubani, kijana aitwaye Zacheus, anashuka akicheka.

"Mama, pole kwa kuja bila hodi. Mvua imenifungia njia. Mawingu yakipanda, naendelea Bomet."

"Karibu. Kwetu hodi ni hiyo kelele yako. Chai iko."

Kwa miaka saba, mama huyu wa watoto wanne, Kiplimo akiwa wa kwanza, ametunza uwanja huu wa nyasi uliozungukwa na mashamba ya chai. Hufyeka, huziba mashimo ya fuko, hufukuza mifugo. Ndege huja mara mbili tatu kwa mwezi. Zote amezipungia mkono. Hajapanda hata moja.

"Natengeneza njia ya wengine," anasema. "Mimi nikienda Bomet, nakanyaga matope."

Na matope ya mwaka huu wa 1997 si ya mchezo. Safari ya kupitia Litein hula siku nzima, na wengine hulala njiani. Kwa ndege, Zacheus anamweleza wakinywa chai kibandani kando ya uwanja, ni kilomita hamsini na kitu: dakika kumi na tano.

"Kumi na tano? Hata chai haijapoa!"

"Basi njoo uone. Nimebeba dawa za hospitali ya Longisa, lakini kiti kimoja kiko wazi. Kesho nakurudisha."

Chepkosgei anaruka kwa furaha. Anafunga upya kitambaa cha kichwani, anauliza kama ni lazima avue gambuti. Kisha anawaona tena wale ng'ombe wawili, na kicheko kinamkauka.

Ni wa Jerusa, jirani yake mzee. Mwaka jana ng'ombe hao walipozidi kuvamia uwanja, majirani hawa wawili walipatana: Jerusa ajenge ua, naye apewe kiti cha kwanza cha bure kitakachopatikana. Ua ulijengwa, mvua ndiyo iliyoubomoa wiki hii. Sasa binti ya Jerusa amejifungua Longisa, na bibi hajapata njia ya kumwona mjukuu.

"Kogo alidhani ni mzaha," anasema Chepkosgei, akimtaja kwa jina la heshima la nyanya. "Lakini ua alijenga."

Anamwita. Jerusa anafika akihema, amekumbatia kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha.

"Mama Kiplimo, una wazimu? Si kiti hiki umekingoja miaka yote?"

"Panda, kogo, kabla sijageuza roho."

"Na nikitapika?"

"Ngoja ufike Bomet!"

Zacheus anamhakikishia Jerusa kwamba gari linalopokea dawa litamfikisha hospitalini. Kisha anamgeukia Chepkosgei. "Na wewe, mama?"

"Akirudi, tunabadilishana. Yeye atashika fimbo, mimi nitashika kiti. Nimeshamwambia."

Mawingu yanapanda, injini inanguruma. Chepkosgei anakimbia uwanja mzima akiwaswaga ng'ombe, ndege inampita juu ya kichwa, naye anapunga mkono hadi inapotelea mawinguni.

Anarudi kibandani, anajimiminia kikombe kipya na kukaa nacho mapajani bila kunywa. Mvuke unapoisha, anatabasamu.

"Sasa kogo amefika."