Mkono wa Kupimia Presha

Nimechoka kuulizwa mama yangu alipatwa na nini. Wengine wanataka nitaje jini, wengine kijicho cha jirani. Mimi najua kilichompata: adabu.

Miaka ile ya mwanzo wa uhuru tulikaa Kikoneni, na mama akisumbuliwa na kichwa. Kilimkalia kisogoni tangu alfajiri, akajifunga kitambaa na kuendelea na kazi. Mkono wake wa kulia nao ulikuwa umechoka kabla yake. Akikuna nazi, kipande kimoja hakijesha mkono umeshakufa ganzi, wa baridi, basi huhamishia kushoto na kunigeuzia mgongo nisimwone.

Tukateremka kwa miguu hadi dispensari. Daktari, mtu wa haraka, akasema, "Lete mkono." Mama akatoa wa kulia. Angetoa upi? Kwetu mtoto akipokea hata embe kwa kushoto hupigwa kofi.

"Presha yako nzuri, bi mkubwa. Nenda kapumzike."

Kupumzika! Tukarudi tukipanda kilima kilekile na kichwa kilekile. Tulikwenda tena na tena, jibu halikubadilika, hata nikaona anatufukuza tu.

Kisha mama akaungua mkono wa kulia kwa mafuta ya nazi. Ukiwa umefungwa bendeji, daktari akalazimika kumpima wa kushoto. "Niwie radhi, daktari, nakupa kushoto," mama akasema, macho chini kwa haya. Daktari hata hakumsikia. Alipima, akapima tena, na haraka zake zote zikamwisha. Kidonda kilipopona akampima mikono yote miwili, akatueleza. Mshipa wa mkono wa kulia umeziba kidogo, damu haipiti sawasawa, ndiyo maana unachoka na kipimo chake kinadanganya. Wa kushoto ndio unaosema kweli: presha iko juu. Na mikono ikipishana namna ile, huenda mishipa ya moyo na ya kichwa nayo si mizima, kwa hivyo tusifanye mchezo. Akampa vidonge. "Popote utakapopimwa," akasema, "toa kushoto."

Kichwa kikapoa, alhamdulillahi. Mama akaanza tena kuimba jikoni.

Halafu yule daktari akahamishwa. Siku aliyokwenda mama kwa daktari mpya, mimi nilikuwa shambani nafukuza nyani kwenye mihogo, akashuka na jirani yetu. Alirudi anacheka. Daktari mpya kijana wa watu, kamwamkia shikamoo, kamvutia kiti, kampima, kamwambia presha imeshuka, vidonge basi. Vilivyobaki mama alikuwa amemrudishia.

"Mama, ulimpa mkono upi?"

Akanitazama utadhani nimemtukana. "Mtoto kaniamkia kwa heshima vile, nimpe kushoto?"

Wallahi nilipandwa na hasira, nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia. Nikamwambia kesho asubuhi tunarudi, atake asitake. "Haya mwanangu, kesho," akasema. Usiku ule mvua ikaanza. Mto ukajaa, njia ikakatika, na sisi tukakaa ndani tunasikiliza paa. Kichwa kikarudi. Siku maji yalipopungua nilimpelekea chai, kikombe kikamponyoka. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, na upande wote wa kulia, mkono na mguu, haukuwa wake tena.

Aliishi, lakini maneno hayakurudi. Wageni walikuja kumjulia hali, wakanyoosha mikono kumsalimia, naye akaficha wa kushoto chini ya kanga. Wakaondoka wakisema bi mkubwa siku hizi kanuna. Nilichoka kuwaeleza, nikaacha.

Asubuhi moja nilimwambia, "Shikamoo, mama." Nikaupapasa ule wa kushoto ndani ya kanga, nikautoa, nikaubusu. Akauvuta aufiche tena, machozi yakimtoka. Sikumwachia.