Ule wa Sefania

Sefania Shemweta analima kabichi na karoti kwenye mteremko mmoja juu ya Bumbuli, na kwa miaka thelathini na kitu ameongoza kikundi cha tarumbeta cha usharika wao. Yeye hupuliza lile kubwa kuliko yote, linalokaa mapajani kama mtoto asiyetaka kushuka. Jeneza likitoka uani kwenda kaburini, kikundi hupiga wimbo mmoja tu, na watu wanauita ule wa Sefania. Jina jingine hauna.

Asili yake ni kanda ya kaseti. Sefania akiwa kijana, fundi mmoja Mjerumani aliyekuja kutengeneza jenereta alimwachia kanda isiyo na jalada. Betri mpya siku hizo zilikuwa anasa. Za zamani zilianikwa juani juu ya bati mpaka zipate nguvu kidogo. Basi kanda ikazunguka redioni kwa kujivuta, sauti nene, mwendo wa wazee wanaopanda mlima, na mwimbaji akasikika kama mchungaji anayeombea wagonjwa. Sefania hakuwa na shaka kwamba ni muziki mtakatifu. Akauandika kwa do-re-mi kwenye daftari, akawafundisha wenzake, na wiki ya tatu redio ikaitafuna kanda. Tangu hapo watu wamezikwa kwa wimbo huo, akiwemo Secilia, mkewe, miaka sita iliyopita.

Mwaka huu, mwezi wa sita, Jamali alihudhuria maziko. Ni mwalimu kijana kutoka Tanga, mgeni shuleni. Watu walipomaliza kula alimfuata Sefania, simu mkononi.

"Shikamoo mzee. Ule wimbo mliutoa wapi?"

"Marahaba. Ni wa kanisa, mwalimu."

Jamali alisita, kisha akamsogezea simu sikioni. "Kaka yangu alikuwa na albamu hii. Ni roki nzito, mzee. Ya zamani sana, lakini wapiga gitaa wa dunia nzima wanajifunzia humo mpaka leo."

Sefania aliusikia wimbo wake ukiteremka kama lori lililokatika breki kwenye kona za Soni. Magitaa yalinguruma, na juu yake mtu alipiga kelele kana kwamba ameibiwa ng'ombe. Ulikuwa ndio wenyewe, nota kwa nota.

Aliona aibu iliyomshinda. Maneno ya wazee wa kanisa angeyamudu. Kilichomchoma ni Secilia: alijiona amemsindikiza mke wake kwa makelele ya walevi. Akalifungia tarumbeta chumbani, akawaambia wenzake watafute wimbo mwingine wa maziko.

Haikupita wiki, Mama Beatha akamwita. Ana miaka themanini na kitu, moyo unamsumbua, na maziko yake alishayapanga kitambo, kuanzia sanda mpaka watakaomenya ndizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nasikia unataka kunizika kimya kimya. Niletee huyo mwalimu na simu yake."

Jamali aliletwa, simu ikawekwa kwenye mto kitandani kwake, na Mama Beatha akasikiliza wimbo mzima amefumba macho. Wanaume wawili hawakujua watazame wapi.

"Hawa wamekasirika," alisema mwishowe. "Wanamgombeza nani?"

"Kifo, bibi. Ndivyo maneno yanavyosema."

Mama Beatha akamgeukia Sefania. "Nimezika watoto watatu. Kila mara nilikalishwa mkekani nikaambiwa nyamaza mama, mshukuru Mungu. Nikanyamaza, nikashukuru. Tarumbeta lako ndilo lililokuwa linagomba kwa niaba yangu. Wewe ulidhani tunaupendea utamu?"

Sefania aliiondoa simu kwenye mto, akamrudishia Jamali.

"Ila siku yangu mpige polepole," aliongeza. "Kwa mbio hizo wabebaji wataniangusha."

Sefania akacheka, na kicheko kikamgeukia kuwa kilio. Alikwenda nyumbani moja kwa moja, akalitoa tarumbeta, akaketi kati ya migomba penye kaburi la Secilia, akaupiga kwa mbio zake za kweli. Alikosea, pumzi zikamkatika mara mbili, akaanza upya. Miaka sita alikuwa akiwajibu watu kwamba ni mapenzi ya Mungu, na kumbe miaka yote sita alikuwa na hasira. Alipomaliza, jasho lilikuwa linamtiririka na kifua kimekuwa chepesi.

Sikukuu ya mavuno, matarumbeta yaliupiga nje ya kanisa, kwa mbio, na kina mama waliobeba vikapu vya viazi wakacheza. Mama Beatha alikuwa amekalishwa kiti cha mbele, amefunikwa blanketi.

"Huo ni wimbo wa maziko yangu," alimwambia jirani yake kwa majivuno, kisha akainua fimbo kumwashiria Sefania aurudie.