Dawa Aliyoichagua Leokadia

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ya Mwazye, mganga mfawidhi hakunipa sindano wala kipimajoto. Alinipa kiti.

"Kaa hapo mlangoni, binti," aliniambia. "Wanaoingia, tazama ngozi zao kabla hujawauliza wanaumwa nini. Mtu huficha mambo kwa aibu. Ngozi haina aibu."

Nilikuwa na darasa la saba na mafunzo mafupi ya uhudumu wa afya. Nilikaa, nikatazama.

Baadaye nilisomea uuguzi msaidizi, nikahamishiwa hospitali mjini Sumbawanga, wodi ya wanawake. Matroni wetu aliweza kuuona mkunjo wa shuka akiwa bado koridoni. Nilipanga chumba mtaa wa Chanji, na hapo ndipo mdogo wangu Leokadia, mkulima wa Kasense, alipokuja msimu mmoja wa kupura ulezi, viganja vyake vyeusi kwa kuvilia damu.

Kwetu ulezi hupurwa kwa fimbo, wanawake wakipokezana mapigo kwa wimbo, na yeye ndiye aliyekuwa akiongoza. Nikampandisha mikono ya gauni: mabaka kama ya kipigo. Miguuni vidoa vyekundu, vidogo kama punje za ulezi wenyewe, ukivibonyeza havififii. Majirani walikuwa wameshaamua kwamba mumewe, Fidelis, anampiga.

"Na wewe umewajibu nini?" nilimuuliza.

"Nimewaambia Fidelis hata kuku huchinjiwa na jirani."

Kipimo kilionyesha chembe sahani, zile za kugandisha damu, zimebaki chache mno. Yalipimwa magonjwa mengine, hayakuonekana. Daktari wa wodi alitueleza kwamba kinga ya mwili wake ndiyo iliyokuwa ikiziangamiza, na kwamba ni ugonjwa wa kuishi nao. Alimkataza aspirini na diklofenaki, ambazo watu hununua dukani kwa maumivu ya mgongo, maana zinaongeza kutokwa na damu. Akamkataza na fimbo.

Alianza prednisoloni, vidonge vya kuituliza kinga hiyo. Chembe zilipanda upesi, na uso nao ukajaa, ukawa duara. Huko Kasense wakamsifu: "Mama Deo, umenawiri! Mjini wanakulisha nini?" Akaamini amepona, akaacha vidonge vyote kwa mara moja. Dawa ile hupunguzwa kidogo kidogo. Mwili ukiisha kuizoea, kuikata ghafla ni hatari. Alirudi hospitali amelegea, fizi zinavuja damu.

Alirudishiwa dawa, lakini sasa sukari ilipanda na usingizi ukampotea. Kila kipimo cha dawa kiliposhushwa, chembe nazo zilishuka. Ndipo daktari akatuita sote watatu, mimi, Leokadia na mumewe.

"Kuna njia kadhaa, na hakuna iliyo safi," alisema. "Prednisoloni ya muda mrefu inakula mifupa. Kuna upasuaji wa kutoa bandama, kwa sababu chembe nyingi huharibiwa humo. Wengi hupata nafuu, si wote, na asiye na bandama akipata homa anawahi hospitali siku hiyo hiyo. Kuna vidonge vipya vinavyohimiza uboho utengeneze chembe, ila huku kwetu leo vipo, kesho havipo. Na kuna azathioprini. Inachukua miezi kufanya kazi, inashusha kinga, na damu lazima ipimwe mara kwa mara."

"Atolewe hiyo bandama, yaishe," alisema Fidelis.

"Mama, wewe unataka nini?" daktari akamgeukia Leokadia.

"Kupura ulezi."

Fidelis aliguna. "Watu wanazungumzia uhai, wewe unazungumzia fimbo!"

"Huo uhai nitaufanyia nini, Baba Deo? Nikae nikuangalie wewe unavyopura vibaya?"

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka, akamuuliza anaogopa nini zaidi. Alisema anaogopa kisu, na anaogopa homa kumkuta Kasense wakati wa mvua, barabara haipitiki. Akachagua azathioprini, akijua kwamba nayo inashusha kinga. Mimi nilimwachia achague mwenyewe. Nilikuwa dada mtu, si mgonjwa.

Miezi ilipita ndipo ikashika. Prednisoloni ikapunguzwa mpaka ikaachwa. Uso wake ukarudi, na daktari akamruhusu fimbo, asijichoshe. Alipura misimu kadhaa.

Mimi nilikuwa nimeshastaafu nimonia ilipomchukua, msimu mmoja wa baridi, kwa siku chache tu. Daktari alisema huenda dawa ilichangia, huenda haikuchangia, na hawezi kuapa upande wowote. Nilimheshimu kwa hilo.

Wauguzi vijana hunitembelea, shikamoo mama, wakiniuliza dawa ipi ilikuwa bora. Huwaambia nilichokiona kwa kila moja, halafu nawaambia wamuulize mgonjwa anataka kuamka afanye nini.

Baada ya mazishi Fidelis alikaa nami nje ya nyumba yao.

"Shemeji, wewe umefanya kazi hii miaka yote. Tungechagua upasuaji, angekuwepo?"

"Sijui, shemeji."

Alitazama uwanja wa kupuria, mtupu wakati ule.

"Lakini alipura."

"Alipura," nikamwambia. "Msimu uliopita mpaka tulimnyang'anya fimbo."

"Na akaenda kuchukua nyingine," alisema Fidelis.