Mkeka Wetu Barazani

Asubuhi hii jirani ameloweka ukindu wa kusukia mikeka, na ile harufu ya majani na matope imenifanya nikohoe bila ugonjwa.

Huko Kasongo nilikokulia, kila kijiji kilikuwa na mkeka wake kwenye baraza la mkubwa wa mji, na mzee wa kuukalia. Sisi tuliopakana na nyumba yake hatukuwa nao, ati tulikuwa watu wa nyumbani. Basi, kwa kukosa wa kututetea, kila kazi ilituangukia sisi.

Bibi yangu akasuka mkeka, akaenda kuutandika barazani mwenyewe, mimi mtoto nikimfuata.

“Mutakaa,” mkubwa akasema, “lakini hamutasema.”

Siku hiyo walijadili nani ataezeka nyumba kubwa. Wazee wakatutaja sisi. Bibi akakohoa. Wakaanza upya; akakohoa tena, nami nikamsaidia. Pilau waliyoandaliwa wazee ikapoa.

“Mama, nyamaza!” mkubwa akafoka.

“Kukohoa iko kusema?”

Mkubwa akashika kichwa. “Haya, sema basi!”

Koo la bibi likapona papo hapo. “Waezeke wenye ruhusa ya kusema.”

Wiki hiyo wazee walipanda paani na nyasi zao. Bibi alikaa chini, juu ya mkeka wake, na kila walipoacha tundu, alikohoa.