Mazoezi ya Wageni

Mume wangu ni fundi wa masofa. Watu wakimwona kwenye runinga, amekaa mwisho wa benchi la timu ya taifa ya mpira wa kikapu na taulo shingoni, wanadhani nyumbani tunakula kwa vijiko vya dhahabu. Kesho yake mtu huyohuyo yuko karakanani kwetu, amepiga magoti nyuma ya kochi la mteja, misumari mdomoni, anakaza mikanda. Mimi nashona vitambaa, yeye anavivisha. Tunapendana humo humo na kugombana humo humo, na siku nikiwa na hasira naye cherehani hulia mpaka jirani anajua.

Uwanjani wanamwita Gundi. Si mrefu kwa mchezo ule, na kutupia mpira hajui, hilo mimi mkewe nalisema bila kuona haya. Akitupia, walio nyuma ya kikapu hujikinga. Lakini kukaba, jamani. Akikuganda amekuganda. Anainama, anakuwekea kifua, anasogea nawe kila unaposogea, hakuumizi wala hakuachii, mpaka unajuta kwa nini ulifunga kamba za viatu siku hiyo. Katika ligi niliwahi kumwona mfungaji mzima akimsihi kocha wake amtoe nje, kisa mume wangu.

Alikuwa na hamu moja tu maishani ukiniondoa mimi, na kuna siku nilikuwa na wasiwasi hata na hiyo nafasi yangu. Alitaka aingie uwanjani na jezi ya taifa katika mashindano ya nje, kocha amwonyeshe mchezaji hatari wa wenzetu, amwambie, "Huyo ni wako." Basi. Miaka ilipita, aliitwa kikosini, akasafiri, akakaa benchi, akarudi na sabuni za hoteli. Na magoti yake, yanayofanya kazi sakafuni mchana na uwanjani jioni, yalikuwa yameanza kulalamika. Daktari alimwambia achague moja. Akaniahidi kwamba mashindano haya ndiyo ya mwisho, na mimi nikaomba kimoyomoyo wampe hiyo nafasi tupumzike sote.

Sasa nieleze habari ya Mlingoti, maana bila yeye hakuna kisa. Mlingoti ndiye nyota wa timu yetu. Kijana mrefu, mpole, anayesalimia wakubwa kwa heshima. Magazeti yalimwimba, watoto walinyoa kama yeye. Simchukii hata kidogo, na ndiyo maana mambo waliyomfanyia yananitia kichefuchefu.

Shirikisho letu lina desturi yake ambayo sijui kama iko kwingine. Kila timu inapokaribia kusafiri hufanywa mazoezi ya wageni. Mwenyekiti wa shirikisho anaalika wafadhili, wakubwa na waandishi wa habari, wanawekewa viti vya mbele na vinywaji baridi, kisha kikosi cha kwanza kinacheza na kikosi cha pili ili wageni waone mpira unavyotumbukia. Mwaka mmoja Gundi, ambaye yuko kikosi cha pili tangu jua lianze kuwaka, alimkaba Mlingoti kama anavyokaba watu wote. Mlingoti hakufunga kitu. Wafadhili wakatazamana. Mwenyekiti akamwita kocha pembeni, na kocha aliporudi aliwaambia wa kikosi cha pili, Mlingoti akiwa bado anakunywa maji upande wa pili: kuanzia leo mkiwa mbele ya Mlingoti, mikono juu. Simameni wima, mikono juu, msimguse. Eti wanamjenga kijana ajiamini.

Kama ingekuwa kwa ajili ya wageni tu, ningesema ni maonyesho, yaishe. Lakini uvivu ukishazoea kulishwa haushibi. Kocha aliona mazoezi ya mikono juu yanapendeza, hakuna anayeumia, hakuna anayenuna, mwenyekiti akipita anatabasamu. Yakawa mazoezi ya kila siku. Kisha yakavuka hadi kwenye ligi. Kocha wa taifa hukaa jukwaani kutafuta wachezaji, na kila kijana mwenye ndoto ya kuitwa alijua kwamba ukimsumbua Mlingoti huitwi. Kwa hiyo nchi nzima ikampisha. Alifunga kila wiki, magazeti yakahesabu, na yeye hakuambiwa na mtu yeyote. Kilemba cha ukoka kilishonwa na shirikisho zima, kikamkaa vizuri kichwani.

Mimi nilikuja kuliona kwa macho yangu safari hii ya mwisho, kwa sababu viti vya wageni vilikuwa vimechakaa na kazi ya kuvivisha upya ikaja kwetu. Nilivipeleka asubuhi ya mazoezi, vitambaa vya bluu, sponji mpya, nikabaki nyuma ya jukwaa kuangalia vinavyokaliwa. Mwenyekiti akakaa, akapapasa kiti, akakisifu kiti. Halafu wakaanza kucheza.

Nilimtafuta mume wangu uwanjani nikamkosa, ingawa alikuwa mbele yangu. Nilizoea kumwona ameinama. Yule aliyesimama pale alikuwa wima kama mtu aliyekamatwa na polisi, mikono hewani, na Mlingoti akampita, akafunga, wageni wakapiga makofi. Akarudi tena, mikono hewani, akapitwa tena. Wanaume wazima watano, mafundi, makarani na mwalimu mmoja, wamejipanga kama nguo kwenye kamba. Nikaondoka bila kusubiri wanishukuru kwa viti.

Jioni nilimwuliza kama hana haya.

"Kocha ameniahidi," alisema. "Ameniambia, tulia Gundi, safari hii nakuingiza."

"Na wewe ukaamini."

"Nikimkaba naachwa. Unataka niachwe sasa hivi, wakati nimefika mlangoni?"

"Nataka uache kusimama kama kinyago mbele ya watu waliokalia viti vyangu."

"Ni mazoezi tu, mke wangu. Kukaba hakusahauliki."

Nikarudi kwenye cherehani. Nilishona foronya moja mara mbili kwa hasira.

Wakasafiri. Kila redio ilisema tunapigiwa upatu kutwaa kombe, na mechi ya kwanza tulipangiwa nchi ndogo ambayo hata mchambuzi alishindwa kutamka majina ya wachezaji wake. Tuliangalia karakanani, mimi na mama mkwe, tumekalia kochi la mteja ambalo lilikuwa bado na nailoni. Ilikuwa mchana, wateja wawili watatu wakasimama mlangoni wakisingizia kuulizia bei.

Wale wenzetu walimpa Mlingoti mchezaji mmoja mfupi, mwenye kipara, aliyemfikia kifuani. Kipara kile kikainama. Nikajua. Nilikujua kuinama kule, nimeishi nako. Mlingoti akapokea mpira, akageuka kama alivyozoea, akakuta mtu. Akajaribu upande mwingine, akakuta mtu yuleyule. Hakuwa na hila yoyote ya kumtoka, angeitoa wapi? Mpira ukamponyoka, wakafunga wao. Ikaendelea hivyo. Mpaka mapumziko alikuwa ameacha hata kutazama kikapu, akipewa mpira anaurudisha haraka kama umemuunguza. Na wenzake, ambao kwa miaka kazi yao ilikuwa kumpa yeye mpira na kurudi nyuma, walikuwa wanatazamana tu.

Upande wa pili mfungaji wao mmoja alikuwa anajichukulia. Kijana mwepesi, anaingia anavyotaka. Robo ya nne ilipoanza kocha akasimama, akatembea hadi mwisho wa benchi. Mama mkwe akanishika mkono. Kocha akamwonyesha Gundi yule kijana, na ingawa sauti haikusikika niliyasoma yale maneno mdomoni mwake.

"Mwanangu huyo," mama mkwe akawaambia watu wa mlangoni. "Huyo anayevua taulo."

Gundi akaingia. Akainama, nikashusha pumzi. Yule kijana akaja na mpira, akiudunda taratibu, akampima. Akaondoka ghafla. Na mume wangu akanyooka, akainua mikono juu, akasimama wima. Kijana akampita, akafunga.

Nilidhani ameteleza. Kijana akaja tena. Gundi akainama, uso umekunjamana, nikaona anavyojilazimisha, na kijana alipoingia tu mikono ikapanda. Mara ya tatu hivyohivyo. Kijana akawa haamini bahati yake, akawa anamtafuta yeye kwa makusudi.

"Mbona mwanangu amesalimu amri?" mama mkwe akauliza.

Kocha akamtoa, akarudishiwa taulo lake. Watu wa mlangoni wakakumbuka kwamba wana shughuli zao. Tulifungwa mechi ile, tukafungwa na iliyofuata, tukarudi nyumbani kabla ya sabuni za hoteli kuisha.

Kwenye uwanja wa ndege mwenyekiti aliongea na waandishi. Alisema sakafu ya kule ilikuwa ngumu, marefa walikuwa na lao, vijana hawakuzoea hewa. Akasema timu imepata uzoefu. Kila mwaka tunapata uzoefu, sijui tunauweka wapi. Nilizima redio nikaifunika kitambaa, kama kwamba redio ndiyo yenye makosa.

Gundi alirudi kazini siku iliyofuata. Aling'oa kwanza misumari ya zamani kwenye kochi zima.

"Mikono ilipanda yenyewe," alisema. "Kichwa kinasema kaba, mikono inapanda."

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia maneno mengi, nimeyapanga tangu siku ile ya runinga. Nikamtazama magoti yake kwenye vumbi la sponji, maneno yakaniishia. Nikamchukia kocha, nikamchukia mwenyekiti, nikavichukia hata vile viti vya bluu nilivyovishona kwa mikono yangu. Nikamletea maji.

Wiki haikuisha Mlingoti akaja. Aliinama kupita mlangoni, akanisalimia, "Shikamoo shemeji," akabaki amesimama katikati ya sponji hajui aweke wapi miguu ile mirefu. Alikuwa na mpira kwapani.

"Kaka," akamwambia Gundi, "nilikuona kule. Ulikuwa unasimama vilevile unavyosimama mazoezini."

Gundi akatema misumari mkononi.

"Kwa hiyo mazoezini ulikuwa unaniachia."

"Tuliambiwa."

"Nani na nani?"

"Sisi sote."

Mlingoti akakaa kwenye fremu tupu ya kochi, mbao zikalalamika. Akauzungusha ule mpira. "Nilidhani nawashinda," alisema. "Nyote. Miaka yote hii nikirudi nyumbani nilikuwa namwambia mama, leo nimewashinda."

Mtoto wa watu amelelewa kwenye uongo kama kuku wa kuuzwa, na kila mmoja wetu alikuwa na punje yake mkononi. Gundi aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza niliona ana haya kuliko mimi.

"Nikabe," Mlingoti akasema. "Hapa hapa. Nataka nijue."

Wakatoka uani, kule tunakoanika magodoro. Hakuna kikapu, kuna ukuta tu. Mlingoti akadunda mpira kwenye udongo mgumu, akamwendea. Mikono ya Gundi ikapanda. Akapitwa.

"Tena."

Akapitwa tena.

"Shemeji, mwambie anikabe," Mlingoti akaniambia, na sauti yake ilikuwa karibu na kilio.

"Mguse mtoto wa watu," nikamwambia mume wangu. "Hapa hakuna mgeni."

Gundi akajifuta viganja kwenye suruali. Akainama, chini zaidi, nikasikia magoti yakilia. Mlingoti akaja, na safari hii mikono ilibaki chini. Akamwekea kifua, akasogea naye, kushoto, kulia, akamganda, na kwa kidole tu akaugusa mpira ukatoka, ukajibingirisha hadi kwenye magodoro. Kukaba safi, hakuna aliyeumia. Mwili wangu ulitaka kupiga makofi.

Mlingoti alisimama pale pale mpira ulipomtoka. Hakuufuata. Aligeuka, akafungua mikono, akaangalia upande huu na upande ule wa uani kwetu, amekunja uso, akimtafuta refa.