Uongo wa Pili

Chumba chetu cha ushonaji kilikuwa nyuma ya hospitali, katikati ya dobi na jiko. Kilikuwa na cherehani tatu, ingawa ya tatu ilikuwa mbovu tangu sijaanza kazi. Ya dirishani ilikuwa ya Mama Shuka. Hakuwa mama wa mtu yeyote. Jina hilo alipewa na wauguzi, kwa kuwa kwa miaka thelathini alikuwa akikunja pindo za mashuka, akitia viraka, na kushona nambari za wodi kwa uzi mwekundu pembeni, ili shuka la wodi ya wazazi lisipotelee kwa majeruhi. Mtu mpya akimuuliza ana watoto wangapi, wenzake walimjibia, "Mia nne, na wote wanafuliwa Jumatatu." Naye alicheka pamoja nao. Mimi niliyekaa cherehani ya pili niliona kwamba kicheko kikiisha, mguu wake ulikanyaga pedeli kwa nguvu zaidi.

Hakuwa mkali. Ukivunja sindano alikupa yake. Ukiugua, ulikuta kazi yako imeshonwa na kukunjwa, wala hakukuambia ni yeye. Lakini kumkaribia hakukuruhusu. Mchana alikula peke yake, mgongo ameuelekeza mlangoni. Alipanga chumba kimoja mtaa wa juu ya hospitali; siku moja nilimpelekea dawa nikakuta kitanda cha mtu mmoja, kiti kimoja na kikombe kimoja. Mimi nilinywea chai kwenye bakuli. Ujanani wanaume wawili walileta posa, wote akawarudisha bila kuwapa sababu.

Tulisali kanisa moja. Yeye alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Kila mwezi mkate na divai vya meza ya Bwana vikianza kuandaliwa, aliinuka, akachukua mkoba wake na kutoka kwa haraka, kama mtu aliyekumbuka ameacha sufuria motoni. Mwanzoni nilidhani ametengwa na kanisa. Nikamuuliza mzee mmoja wa kanisa kwa chini chini, akashangaa. Hakuna aliyemtenga.

Ndipo akaja mchungaji mpya, mwanamke wa makamo mwenye sauti kubwa, aliyewahi kufundisha hesabu. Kila Jumatano alipita wodini kuombea wagonjwa. Jumatano moja joho lake lilinaswa na gurudumu la kitanda cha wagonjwa, likachanika hadi gotini. Akaingia kwetu ameshika kitambaa mkononi, anacheka.

"Jamani mafundi, niokoeni. Mgonjwa amepona, mchungaji ameumia."

Mama Shuka akalipokea joho, akalitandaza, akaanza kuchagua uzi. Mchungaji akaketi kwenye kiti cha cherehani mbovu. Alimtazama akishona kwa muda, kisha akasema, "Mama, nikuulize kitu, usikasirike."

"Uliza."

"Kila mwezi tukifika mezani unatoka. Nani amekufukuza?"

"Hakuna. Nimejifukuza mwenyewe."

Mimi nilikuwa napiga pasi foronya. Niliipiga foronya ile mpaka ikataka kuungua, maana sikutaka wakumbuke kwamba nipo. Mama Shuka alishona mishono michache, akasimamisha cherehani, na bila kuinua macho akaanza kusema. Miaka kumi na mmoja nimekaa naye, sikuwahi kusikia hata robo ya yale.

Alikuwa mtoto pekee wa seremala. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa. Alipofika kumi na mbili, baba yake akaoa mwanamke mrefu, mpole, aliyekuwa mpishi katika shule ya bweni. Huyo mama wa kambo alijitahidi. Alimsuka, alimpigia pasi sare, alimsubiri getini mvua ikinyesha. Mtoto hakumwita mama hata siku moja. Hakumwita chochote. Akimhitaji, alikwenda kusimama mbele yake mpaka aonekane.

Alikuwa ameficha nguo mbili za marehemu mama yake chini ya godoro. Usiku alilala ameziweka puani. Asubuhi moja, akiwa na miaka kumi na minne, alizikuta zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa vizuri juu ya kitanda. Mama wa kambo alidhani amemtendea wema. Harufu ilikuwa imekwenda.

Siku hiyo hiyo mwuza mbao alipita nyumbani kumuulizia baba. Alisimama uani, akapewa maji na mama wa kambo, akanywa, akaondoka. Jioni baba akauliza nani alikuja.

"Mwuza mbao," binti alisema. "Waliingia ndani wakafunga mlango."

Basi. Sentensi moja tu. Alitegemea baba atagombeza, mwanamke atalia kidogo, halafu wote watakuwa sawa kwa machozi. Lakini baba yake alikuwa mtu wa wivu na wa maneno machache, mchanganyiko mbaya. Kulipokucha vitu vya mkewe vilikuwa nje katika mifuko miwili. Mwanamke hakujitetea. Alipofika mlangoni alimgeukia yule binti, akamwambia, "Unga uko kwenye debe la chini. La juu limeingia wadudu." Akaondoka zake.

Baba hakuoa tena. Kwa miaka mingi walikula wakitazamana, nyumba nzima vinasikika vijiko tu. Binti akakua, akajifunza ushonaji, akapata kazi hospitali. Alipokuwa na miaka thelathini na mmoja, mapafu ya baba yake yakachoka kwa vumbi la mbao. Alasiri moja, siku tatu kabla hajafa, aliomba aketishwe. Akamshika mkono.

"Mwanangu. Siku ile, uliwaona kweli?"

"Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa, mchungaji," Mama Shuka alisema. "Baba mwenyewe aliufungua. Nilichotakiwa ni kusema neno moja. Nikamwambia, 'Niliwaona, baba.' Akafumba macho, akasema, 'Haya.' Uongo wa kwanza niliusema nikiwa mtoto, nina uchungu wangu. Huu wa pili niliusema nikiwa mtu mzima, na kazi yangu, na akili zangu timamu. Niliona aibu tu. Nilimwacha baba yangu aende kaburini na uongo wangu kifuani. Sasa nikija mezani nimwambie nini Mungu? Nisamehe, halafu? Niliyemkosea yuko chini ya udongo."

Nilidhani mchungaji atafungua kitabu amsomee. Hakufungua.

"Yuko mmoja chini ya udongo," alisema. "Na mwingine je?"

"Sijui aliko."

"Hujui, au hujamtafuta?"

Mama Shuka alikata uzi kwa meno.

"Mimi naona hivi," mchungaji aliendelea, safari hii bila ile sauti kubwa. "Miaka yote hii unakuja kwa Mungu kama kibarua. Unafika mapema, unakaa karibu na mlango, na kwa kuwa unajua umeharibu kazi, unaondoka kabla hujafukuzwa. Mtoto hafanyi hivyo. Mtoto akivunja kitu anagombezwa, analia, lakini jioni anakaa na wenzake wanakula. Anakosea akiwa ndani ya nyumba. Ukimpokea Kristo, ndicho unachopewa: nyumba na Baba. Hupewi kwa sababu umekuwa mwema. Ungekuwa mwema usingekihitaji."

"Na kama mimi ndiye niliyemtoa mtu nyumbani?"

"Mungu alilijua hilo alipokuita. Ila kusamehewa hakukuondolei safari, mama. Nenda ukamtafute."

Joho likakamilika. Mchungaji akalivaa, akaomba sala fupi akiwa amesimama, akarudi wodini. Mama Shuka akaniangalia mimi na foronya yangu. "Hiyo imeshanyooka," akasema.

Kumtafuta kulichukua miezi miwili. Seremala mzee, mwenzake marehemu baba yake, ndiye aliyejua: yule mwanamke alihamia mji mwingine, mwendo wa saa tatu kwa basi, akapika shuleni hadi alipostaafu. Nilijitolea kumsindikiza. Akakataa. Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe juma lililofuata, tukiwa tunapanga mashuka, na alisimulia polepole kama mtu anayefumua mshono.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa umri kama miaka arobaini, ana unga viganjani. Akauliza, "Nimwambie nani amekuja?" Mama Shuka alikuwa amejipanga njia nzima. Akaishia kusema, "Mwambie ni mtoto wa seremala."

Kutoka ndani sauti ikasema, "Mwache aingie."

Mama wa kambo alikuwa na miaka sabini na mitatu, magoti yamevimba, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Hakuinuka, hakunyoosha mkono. "Kaa," alisema. Mama Shuka hakukaa. Alisimama mbele yake, kama alivyozoea kusimama utotoni, akasema yote ya siku ile bila kujipamba.

"Nilijua," bibi yule akasema. "Nilikuwa jikoni. Nilikusikia ukilisema."

"Mbona hukukanusha?"

"Nikanushe kwa nani? Mume aliyenihukumu kabla hajaniuliza, ningemwambia kitu gani akakisikia?" Akaokota jiwe kwenye maharage, akalitupa. "Nilikuchukia. Sitakudanganya. Kila nikiomba, jina lako linanikwama kooni kama mwiba wa samaki. Halafu nikamlea huyu uliyemwona mlangoni. Mtoto wa mpishi mwenzangu, wazazi wake wote walifariki. Alikuwa mwongo, wewe! Anavunja sahani anasema paka. Paka hatuna. Siku moja nikataka kumfukuza, nikamwona anavyotetemeka, nikakuona wewe. Nikasema, kumbe mtoto hudanganya akiogopa kunyang'anywa. Siku hiyo nikakusamehe. Miaka mingi sasa."

Hapo ndipo Mama Shuka angeweza kushukuru, anywe chai, apande basi. Aliniambia alilitamani hilo kwa moyo wote. Badala yake akapiga magoti sakafuni, akamweleza na la pili: alasiri ile, mkono wa baba, swali lake, na jibu alilompa.

Mikono ya bibi ikasimama juu ya ungo.

"Aliuliza?"

"Aliuliza."

"Yeye mwenyewe? Hakuna aliyemkumbusha?"

"Yeye mwenyewe, mama." Neno hilo lilimtoka. Lilikuwa halijawahi kumtoka.

Bibi akavua miwani. Alilia bila sauti, kwa muda mrefu, machozi yanashukia kwenye maharage. Miaka arobaini na mitatu aliamini kwamba mumewe hakumfikiria tena tangu mifuko ile miwili, na kumbe alikufa akimuulizia. Alipomaliza, uso wake ulikuwa umebadilika.

"La kwanza nimekwambia nimesamehe, na ni kweli. Hili la pili nimelisikia leo. Ulikuwa mtu mzima. Angenitafuta, unajua? Au angeniombea, au angekufa amepumzika. Siwezi kukwambia leo kwamba nimesamehe, nitakuwa mwongo kama wewe. Nenda nyumbani."

Mama Shuka akainuka. Alipofika mlangoni, bibi akaita, "Na mwezi ujao uje. Usilete kitu."

Alikwenda mwezi uliofuata, na uliofuata. Mara nyingi walikaa tu. Bibi alichambua, yeye aliangalia mavazi ya nyumba ile yana nini cha kushona, akashona. Mara ya tatu bibi hakumsemesha kabisa, akaenda kulala, na Mama Shuka alirudi akaniambia, "Labda nimemchosha." Kazini alinyamaza kuliko zamani. Nilidhani mambo yatamalizikia hapo, watu wawili wapweke wanatazamana mara moja kwa mwezi. Lakini alizidi kwenda.

Mara ya tano, alipokuwa akifunga mkoba aondoke, bibi akamwambia, macho yakiwa kwenye ungo, "Lile la pili nalo nimelitua. Lilinisumbua. Nimemwambia Mungu alichukue yeye, mimi magoti yangu hayabebi." Halafu, kwa ukali kidogo: "Sasa usikae tena umesimama mbele yangu kama askari. Ukinitaka, niite."

Jumapili ya mwisho wa mwezi ule alishiriki meza ya Bwana. Alikwenda wa mwisho kwenye mstari, na aliporudi hakukaa benchi langu. Alirudi kwake nyuma, peke yake. Nilitaka kumfuata nikamkumbatie, nikaona nimwache.

Sitasema upweke ulimtoka. Ulikuwa umekaa naye muda mrefu, wamezoeana. Bado alikula mchana amegeuza mgongo, bado alirudi kwenye chumba kile kile, na wauguzi waliendelea na utani wao wa watoto mia nne. Baba yake hakufufuka akaambiwa kweli. Aliniambia kuna siku swali lile linamjia akiwa ameshika shuka la mgonjwa aliyekufa, na hana la kufanya ila kusimama mpaka lipite.

Ila jioni moja nilikuwa chumbani kwake. Ndiyo kwanza ametoka safari ya kwa bibi, hajavua viatu, jua bado liko dirishani. Simu ikalia. Alikuwa yule binti wa kulelewa, na kwa kuwa Mama Shuka husikia vibaya sikio moja, aliiweka sauti nje.

"Dada, umefika? Mama hataki kula mpaka aambiwe umefika."

Mama Shuka aliiangalia ile simu kana kwamba imekosea nambari. Akakaa kitandani polepole.

"Nimefika," alisema. "Mwambie ale."