Udongo wa Papa, Gudron ya Tonton

Waendesha pikipiki wa parkingi yetu ya Kabondo wakianza kubishana juu ya barabara, hata mteja aliyeshika mfuko mkononi anasahauliwa. Ninajua, maana mama anauza mikate ya mafuta palepale chini ya bati lao, na mimi nikitoka shule ndiye ninayekoroga unga. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba na sijui kusema mbele ya watu. Mtu akinitazama tu, maneno yananirudi tumboni. Basi nimekuwa nikiwasikiliza wale wanaume muda mrefu, nao hawakumbuki kwamba nina masikio.

Kuna kijana mmoja mwembamba anayependa mchanga, ule wa njia za kandokando ya mto. Anasema mchanga ni kama mama mkwe: usimshike kwa nguvu, usisimame karibu sana, salimia upite. Kuna mzee wa parkingi, ambaye pikipiki yake imefungwa kwa kamba kuliko kwa boliti. Yeye anataka barabara ya mawe, kwa sababu, anasema, inamzuia kusinzia.

Papa yangu alipenda udongo mwekundu. Ule wa njia ya nyuma, unaopita katikati ya mashamba ya zamani ya mawese, kisha unaingia msituni. Wenzake walimcheka kwa kupenda matope. "Papa huyu alizaliwa katika potopoto!" Naye aliwajibu polepole, huku akitafuna mkate wa mama ambao hakuulipia. "Udongo hauna siri. Ukitaka kukuangusha, unakuambia mbele. Gudron inakuchekea tu." Alisema kweli. Lami ya mji wetu, ndiyo gudron, iliwekwa kabla sijazaliwa, na mvua ikinyesha, shimo la kina cha kidole na shimo la kina cha goti yanafanana uso.

Na kulikuwa na tonton, maana yake mjomba. Si ndugu wa damu. Ni jirani, ua wetu na ua wake vimeshikana, na nilimwita tonton tangu nilipojua kutamka. Tonton alipenda gudron peke yake. Tangu ajifunze kuendesha hakuwahi kutoka nje ya mitaa ya mji. Alivaa suruali iliyopigwa pasi, mikunjo ikisimama kama kisu, na ukimtajia njia ya udongo alitema mate.

"Mimi si mulimaji," alisema. "Mutu anaenda huku anarudia kama kiazi."

Tulicheka wakati ule. Hata mimi nilicheka.

Kisha vita viliingia mjini penyewe. Siku mabomu yalipoanza kuanguka karibu na soko, papa alikuwa juu ya pikipiki, kwenye gudron. Kipande cha chuma kilimpasua mguu chini ya goti. Alianguka, akajikokota mpaka ndani ya mtaro, na watu wasiomjua wakambeba kwenda hospitali ya masista. Pikipiki ilibaki imelala barabarani, injini ikikohoa peke yake.

Hapa lazima nieleze sheria ya parkingi, maana bila hiyo hamtaelewa hasira yangu. Katika siku za risasi watu wengi walitupa pikipiki zao wakakimbia, na wengine wakaziokota, na baadaye wakapigana kwa fimbo. Basi wakubwa wa parkingi waliamua hivi: pikipiki iliyoachwa njiani bila mtu wa kuilinda ni ya yule atakayeiinua. Ndiyo sababu hata leo mwendeshaji akifiwa na injini mbali, analala kando yake kama anayelinda maiti.

Tonton alipita kwenye barabara ile, akaiinua pikipiki ya papa. Na mimi, nilipoiona uani mwake, nilishukuru. Nilifikiri ametuokolea.

Mama alikwenda kuichukua, mimi na mzee wa parkingi nyuma yake. Tonton alitoka nje na rafiki yake, mwanajeshi wa kwenye barrière, yule aliyesimamisha watu kwenye kizuizi cha kutokea mjini.

"Mama, pole kwa mugonjwa," tonton alisema. "Lakini sheria iko sheria. Aliiacha."

"Hakuiacha! Walimubeba!"

"Bon. Walimubeba, na pikipiki ikabakia. Donc, aliiacha."

Mama alimtazama mzee wa parkingi. Mzee aliitazama bunduki, kisha akatazama chini. Jambo likaisha hivyo.

Papa alirudi nyumbani na fimbo ya kutembelea. Aliketi mlangoni, na kila asubuhi tonton alipopita mbele yetu alipiga honi mara mbili, pii pii, na kuinua mkono kama mtu mwema. Nilizijua sauti zote za injini ile. Nilijua inavyokohoa kabla ya kushika, na inavyolia ikibebeshwa mizigo mizito. Kusikia mtu mwingine akiikohoza kulikuwa kama kusikia papa akiitwa na adui yake akaitika.

Mama sasa alibeba unga kichwani, au siku nzuri alipanda toleka, zile baiskeli za kubeba watu. Na mimi nilisali. Sala yenyewe sitaiandika yote, inatosha kusema nilimwomba Mungu ampasue tairi. Jumapili padri alipohubiri kusamehe, niliangalia shingo ya tonton, safu ya pili, na kola yake nyeupe, na nikaona ni mahali pazuri pa kuweka potopoto.

Jambo lililoniumiza zaidi linaweza kuwachekesha. Tonton aliirembesha. Alipaka tangi rangi nyekundu, na mbele akafunga garde-boue mpya, lile bati linalokaa juu ya gurudumu kuzuia matope. Lilikuwa la kung'aa, unajiona uso humo, na lilikaa chini kabisa, karibu kulibusu tairi. Papa alikuwa ameondoa la kwake zamani. Niliposhika ufunguo wa boliti nikimsaidia kulifungua, nilikuwa mdogo, nikamwuliza kwa nini anaiharibu pikipiki.

"Kwa gudron, garde-boue inazuia maji," aliniambia. "Kwa udongo wetu, inakula. Udongo unaingia katikati yake na gurudumu, unajaa, unashikana kama fufu ya jana. Gurudumu inakataa kuzunguka. Utasukuma mpaka ulie."

Lile bati la zamani mama analitumia mpaka leo kuchotea majivu. Kila nilipochota majivu nilimkumbuka tonton na kioo chake.

Siku moja, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, tonton alifika parkingi na mfuko mzima wa chumvi nyuma ya pikipiki. Kipindi kile chumvi ilikuwa kama dhahabu vijijini. Lakini hakutelemka kwa kiburi chake cha kawaida. Yule mwanajeshi rafiki yake alikuwa amepelekwa upande mwingine wa vita, na kwenye barrière walisimama wapya, wasiomjua, wenye njaa. Wangeichukua chumvi na labda na suruali.

"Ile njia ya nyuma," aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za mtoto wa mwingine, "ya mashamba ya mawese. Inapitika?"

Yule kijana wa mchanga alifungua kinywa, macho yake kwenye garde-boue, na niliona kiatu cha mzee kikimkanyaga kidole.

"Aa!" alilia kijana.

"Aa nini?" tonton akauliza.

"Aa, sijui. Mimi ni mutu wa muchanga."

"Mzee?"

"Mimi napenda mawe," mzee alisema. "Huko hakuna mawe."

Ndipo tonton akanigeukia. Alikumbuka mimi ni mtoto wa nani. Akainama mbele ya karai la mikate, akatabasamu lile tabasamu la zamani, la siku alipokuwa akiniletea muwa.

"Wewe, mutoto yangu. Papa yako alikuwa anapitaka huku hata mvua ikinyesha. Njia iko muzuri?"

Wote walinitazama. Mama aliacha kugeuza mikate. Kwa kawaida ningekufa kwa haya. Lakini maneno, safari ile, hayakurudi tumboni. Yalikuja yenyewe, yamenyooka.

"Iko muzuri, tonton. Papa anasema inapita gudron."

Sikusema uongo hata neno moja. Papa alisema hivyo kila siku.

"Unaona!" akawaambia wale wengine. "Mutoto amewashinda akili." Akawasha, ikakohoa, ikashika. Tulimwona akipinda kwenye kona na mfuko wake wa chumvi, garde-boue iking'aa ndani ya mvua kama sahani ya arusi. Mama alinitazama kwa muda, kisha akarudi kwenye mafuta yake. "Mikate inaungua," alisema tu.

Tonton alirudi kabla ya jua kuzama, kwa miguu. Kiazi ni kidogo, alikuwa shamba zima. Potopoto ilimfika kifuani, mikunjo ya suruali haikuonekana tena, na chumvi iliyoyeyuka kutoka mfuko aliojaribu kuubeba ilikuwa imemkaukia mgongoni kama jasho la ng'ombe. Hakuna aliyecheka. Ilikuwa vigumu, mabega yalitikisika, lakini hakuna aliyecheka.

"Imekwama," alisema. "Gurudumu ya mbele inakataa kabisa. Kesho nitatafuta vijana wa kuibeba."

"Kuna mutu uliacha pale?" mzee aliuliza taratibu, akisafisha sikio kwa ufunguo.

"Nani? Iko katikati ya pori!"

"Donc, umeiacha."

"Nimeiweka tu!"

"Umeiacha," mzee alirudia, na safari hii hapakuwa na bunduki ya kutazama.

Nilimwaga maji ya kukorogea unga na nikakimbia nyumbani. Mimi, ambaye hata salamu huniponyoka, nilimpigia papa kelele mbele ya majirani: "Papa, iko kule! Iko kwenye udongo wako! Ameiacha!"

Papa hakuuliza zaidi. Alfajiri tulichukua toleka mbili mpaka lami ilipoisha, kisha tukatembea, yeye na fimbo yake, mimi na panga na ule ufunguo. Vijana wa tonton wangeweza kutangulia. Mtu yeyote angeweza kutangulia. Papa aliteleza, akakunja uso, akaendelea. Mguu ule hauponi, nadhani hautapona.

Ilikuwa imesimama wima bila mtu, udongo umeishika kiunoni. Kati ya garde-boue na tairi potopoto ilikuwa imejaa tii, ngumu, huwezi kuingiza hata ukucha. Papa aliichungulia, akacheka kwa mara ya kwanza tangu bomu. Tulifungua boliti, yeye akishika upande huu na mimi ule, kama zamani. Tulichonga udongo kwa panga. Tulisukuma. Gurudumu likakubali.

"Lakini ni nani alimwambia apite huku na kitu hii?" aliuliza, akilishika lile bati.

Nilijifanya nasafisha taa. Aliningojea, kisha akaacha kungoja.

Hakuweza kukanyaga gia vizuri, kwa hiyo tulikwenda polepole, mimi nyuma, bati mapajani. Tukakuta njiani vijana wawili na tonton mbele yao, amevaa suruali nyingine safi. Alisimama katikati ya njia. Papa alizima injini.

"Hiyo ni yangu," tonton alisema.

"Nimeiinua," papa alisema.

Vijana wale wawili walikuwa watu wa parkingi. Waliitazama pikipiki, wakatazamana, wakasogea pembeni kutupisha. Tonton alibaki peke yake pale katikati. Akaniangalia mimi.

"Wewe mutoto. Wewe ulijua."

Niliteremka. Nilitaka alie. Niseme ukweli, nilikuwa nimelala usiku ule nikimwona akilia, na asubuhi nilikuwa bado nataka. Nilimwekea garde-boue mikononi, kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kumpa mkubwa kitu.

"Hii njo yako," nilisema. "Uliniuliza njia, tonton. Hukuniuliza pikipiki."

Hakulia. Alisimama tu, ameshika kioo chake, udongo wake ukimchafua kifua cha shati. Ninaandika haya na bado naona haikutosha.

Tulipoingia mtaani kwetu, watu walitoka milangoni. Papa aliinamisha kichwa, yeye si mtu wa maonyesho. Mbele ya ua wa tonton mke wake alikuwa anafagia.

"Papa, piga honi," nilimnong'oneza.

"Apana. Muache."

Nikapitisha mkono chini ya kwapa lake, nikapiga mwenyewe. Pii pii. Papa akaniambia basi, mama, inatosha. Nikapiga tena.